Kuanza Mazoezi ya Nguvu: Mzigo, Kipimo na Pumziko

Utangulizi

Alfajiri katika miinuko ya Meru na Embu, kabla ukungu haujaondoka kwenye mashamba ya majani chai, wachumaji huwa wameshajitwika vikapu migongoni. Kwingineko, akina mama hubeba kuni kwa ukanda uliopitishwa kwenye kipaji cha uso, kama walivyofanya nyanya zao. Jioni ya siku iyo hiyo, vijana wa mjini hulipa ada ili waingie katika ukumbi wa mazoezi, yaani jimu, wakainue vyuma ambavyo hawavipeleki popote. Mpita njia huweza kucheka na kuuliza: kuna haja gani ya kulipia mzigo ilhali nyumbani mizigo imejaa tele? Swali hilo lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Makala haya yanakusudia kulijibu, kwa kuwa jibu lake ndilo linalomwezesha anayeanza kunufaika badala ya kuumia.

Neno na Maana Yake

Neno ‘zoezi’ linatokana na kitenzi ‘zoea’, na ndani ya kitenzi hicho mna kanuni nzima ya nguvu. Mwili unapokabiliwa na uzito usiouzoea, neva, misuli na hata mifupa hulazimika kujirekebisha. Ukishauzoea, marekebisho hukoma. Anayebeba mtungi wa lita 20 kutoka mtoni kila siku, uzito wa takriban kilo 20, hupata nguvu za kuumudu mtungi huo. Baada ya hapo mzigo uleule haumwongezei mengi. Isitoshe, haumpi nafasi ya kupumzika. Mgongo ukiuma leo, maji yatahitajika kesho. Kwa ufupi, mzigo wa kazi hupangwa na haja, ilhali mzigo wa zoezi hupangwa na kipimo. Hapo ndipo penye tofauti baina ya kuchoka na kujengeka.

Kanuni ya kuongeza uzito hatua kwa hatua ilitiwa katika utaratibu wa kitabibu nchini Marekani na daktari Thomas DeLorme katika miaka ya 1940, alipokuwa akiwahudumia wanajeshi walioumia. Aliwapa uzito uliopimwa, akauongeza kadiri misuli yao ilivyoimarika. Wahenga wetu nao walikwisha kunena kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Miondoko Mitano

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwamba watu wazima waimarishe misuli yote mikuu siku mbili au zaidi kwa juma. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu, au wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kule Nchiru, anaweza basi kutenga Jumatatu na Alhamisi, dakika 45 kila siku. Hahitaji mashine zote za ukumbini. Miondoko mitano inamtosha.

Wa kwanza ni kuchuchumaa na kuinuka, nyayo zote zikikaa sakafuni na magoti yakielekea ziliko ncha za vidole. Wa pili ni kuinama na kuinua mzigo kutoka chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini ainame kwa kukunja nyonga na magoti, mgongo ukibaki umenyooka, na mzigo ukae karibu na miguu. Wa tatu ni kusukuma: anayeanza aweza kujisukuma kutoka ukutani, kisha kwenye benchi, hatimaye sakafuni. Wa nne ni kuvuta, kwa mfano kuinama huku mkono mmoja umeegemea benchi na mwingine ukivuta chuma kuelekea kiunoni. Wa tano ni kutembea hatua 30 hivi huku kila mkono umebeba uzito, kifua wazi na tumbo limekazwa.

Kabla ya yote hayo, dakika 5 hadi 10 za kutembea kwa kasi na kuchezesha viungo ni za lazima, hasa asubuhi za Julai ambapo baridi ya Mlima Kenya huushika mwili. Aidha, pumzi itolewe wakati wa kuinua na ivutwe wakati wa kushusha, isizuiliwe.

Kipimo

Katika miondoko minne ya kwanza, uzito ufaao ni ule unaoweza kuinuliwa mara 8 hadi 12 kwa mtindo sahihi, huku mtu akihisi kwamba angeweza kuongeza mara mbili tu. Mfululizo huo huitwa awamu moja. Majuma mawili ya mwanzo, awamu mbili kwa kila mwondoko zinatosha. Baadaye ziwe tatu, na baina ya awamu kuwe na mapumziko ya dakika mbili hivi. Atakayefikisha mara 12 katika awamu zote, siku mbili mfululizo za mazoezi, aongeze kilo 1 hadi 2.5, kisha aanze tena kwenye mara 8.

Hapa daftari lina kazi kubwa kuliko kioo. Katika majuma ya kwanza nguvu huongezeka hasa kwa sababu neva zinajifunza kuiamuru misuli. Umbo hubadilika baadaye. Anayetegemea kioo hukata tamaa upesi, au huongeza vyuma kwa pupa ili awafikie waliomtangulia. Anayeandika tarehe, uzito na idadi huona kwa macho yake kwamba kilo 10 za mwezi jana zimekuwa 14.

Asiye na ada ya jimu asijione ametengwa. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Hivyo mtungi wa lita 20 ni mizani tosha. Aanze na lita 5, aongeze lita moja baada ya nyingine.

Pumziko na Lishe

Misuli hujengeka baada ya zoezi, mtu anapokula na kulala. Kwa hivyo sehemu iliyofanyizwa kazi ipumzishwe saa 48 hivi. Maumivu ya misuli yanayozidi siku ya pili na kupungua baadaye ni ya kawaida. Maumivu makali ya ghafla, ya kifundo au ya kifuani, ni amri ya kuacha na kumwona daktari. Mwenye shinikizo la damu, maradhi ya moyo au ujauzito apate ushauri wa daktari kwanza.

Kuhusu lishe, sufuria ya nyumbani haina upungufu. Githeri huunganisha mahindi na maharagwe, na protini za kimoja hukamilisha za kingine. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina takriban gramu 15 za protini, yai moja gramu 6, na bilauri ya maziwa gramu 8. Unga wa makopo si sharti, na sindano za kukuza misuli ni hatari kwa moyo na ini.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba kinacholipiwa jimu ni kipimo na pumziko, vitu viwili ambavyo mzigo wa nyumbani haumpi aubebaye. Maarifa hayo yasiishie ukumbini. Likizo ya Desemba, mwanafunzi arejeapo Runyenjes au Nkubu, atamkuta mamaye akiinua gunia kwa mgongo uliopinda. Akimwonyesha namna ya kukunja nyonga na magoti, akaligawa gunia mara mbili, kisha akaubeba mtungi wa maji mwenyewe ili mama aketi, nguvu zake zitakuwa zimepata kazi.