Kwa Nini Sikumleta Binti wa Kaka Yangu Canada

Katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu nimeitwa mchoyo, na aliyeanza ni binamu yangu ninayemheshimu sana. Sababu ni binti wa kaka yangu, anayesomea shahada ya teknolojia ya habari katika Chuo Kikuu cha Kibabii, Bungoma. Ulipofika wakati wa kwenda atachimenti, yaani mafunzo ya lazima kazini, alipata nafasi Kitale, nami nikajitolea kumlipia chumba mtaani Tuwani na nauli yake. Binamu akauliza kwa nini pesa hizo nisizitumie kumleta Ontario ninakoishi, ambako wanafunzi wa kompyuta hulipwa mshahara kabla ya kuhitimu. Akaongeza kwamba atachimenti ya kwetu ni kubeba faili na kuwachemshia wakubwa chai. Wengi wakamuunga mkono.

Jibu langu halitoshi kwenye kundi lile, kwa hiyo naliandika hapa, na ninaomba kila aliyemuunga mkono alisome lote.

Upande wa nyumbani nitaupita haraka kwa sababu mnaujua: barua ya chuo, bima, kubisha hodi ofisi baada ya ofisi, logibuku ya kutiwa sahihi, mhadhiri anayekuja kukagua, ripoti mwishoni. Shahada ni ya miaka minne, na kwa kawaida atachimenti huangukia likizo ndefu ya mwaka wa tatu, kati ya Mei na Agosti. Asiyeifanya hahitimu.

Wanachosahau wengi ni jinsi masomo haya yalivyokuwa mbali na kwetu hadi juzi. Kibabii kilianza kama chuo kikuu kishiriki cha Masinde Muliro mwaka 2011, kikapewa hati yake mwaka 2015. Kitale Technical ilipandishwa kuwa National Polytechnic mwaka 2016. Kabla ya hapo, kijana wa Chwele au Kiminini aliyetaka shahada ya kompyuta mara nyingi alipanda basi la kwenda mji mwingine, hata Nairobi, na atachimenti aliitafuta hukohuko, akilala sebuleni kwa jamaa. Nyumbani milango ya kubisha ilikuwa michache: Kenya Seed yenye makao makuu Kitale, kiwanda cha sukari cha Nzoia, benki, hospitali, na baadaye One Acre Fund, shirika la wakulima lililoanzia Bungoma mwaka 2006.

Ugatuzi ndio uliobadilisha mambo. Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, Bungoma na Trans Nzoia zilihitaji mifumo ya kukusanya ushuru wa soko, ya mishahara na ya rekodi za hospitali, na zilihitaji watu wa kuiendesha hapohapo. Vituo vya huduma za serikali, Huduma Centre, vikafunguliwa, sacco zikahamisha vitabu vyao hadi kwenye kompyuta. Kazi ikawafuata wanafunzi nyumbani. Binti yetu ameweza kusoma Kibabii na kufanya atachimenti Kitale bila kuvuka Mto Nzoia kwenda kumwomba mtu hifadhi Nairobi. Hiyo ni hatua kubwa, na inaniuma kuona watu wa ukoo wetu wakiidharau.

Sasa hiyo chai. Alitumwa chai, hilo halikani. Lakini wiki hiyohiyo alinieleza jambo jingine kwa simu. Printa ya uhasibu katika ofisi aliyopelekwa ilikuwa ikipotea kwenye mtandao kila asubuhi, na kila mtu alikuwa amezoea kuizima na kuiwasha. Yeye alichunguza, akagundua kwamba ruta ilikuwa ikiigawia kompyuta nyingine anwani ileile ya IP iliyokuwa ya printa. Akaipa printa anwani ya kudumu, nje ya fungu linalogawiwa na ruta, akaandika kwenye logibuku alivyofanya, na tatizo likaisha. Amevuta kebo darini, amefunga ncha zake, ameziangalia data zikirudi kutoka kwenye nakala rudufu baada ya umeme kukatika, amemweleza mzee asiyejua kompyuta kwa nini nywila yake haifai kubandikwa ukutani. Ofisi ndogo haina mtu wa kebo peke yake, mtu wa seva peke yake na mtu wa kuwasikiliza watumiaji peke yake. Mwanafunzi hukutana na kazi yote kwa mkupuo. Hiyo ni faida ya Kitale ambayo jiji kubwa halimpi.

Nije huku kwenye mishahara. Jirani zangu wote wanauzungumzia mpango wa ko-opu, wa kupishanisha darasa na kazi ya kulipwa, wa University of Waterloo, na ni mpango mzuri, sina haja ya kuupaka matope. Mtindo wenyewe haukuanzia Canada. Herman Schneider aliuanzisha University of Cincinnati, Marekani, mwaka 1906: mwanafunzi wa uhandisi asome kwa kipindi, kisha afanye kazi kiwandani kwa kipindi. Mwaka 1956 Ira Needles, mkuu wa kampuni ya matairi ya B.F. Goodrich hapa Canada, alisimama mbele ya wafanyabiashara wa Waterloo akawaeleza kwamba nchi itakosa wahandisi isipofuata njia hiyo. Mwaka uliofuata chuo kikafunguliwa. Mpaka leo mwaka wao una mihula mitatu ya miezi minne, ya Januari, Mei na Septemba, na mwanafunzi hupishanisha darasa na kazi mpaka shahada ikakaribia miaka mitano.

Namna wanavyogawana nafasi ndiyo inayonishangaza. Mwanafunzi anaomba kazi kwenye mfumo wa chuo, anahojiwa, kisha kila upande unapanga orodha: mwajiri anaandika anayempenda wa kwanza, wa pili, wa tatu, na mwanafunzi vivyo hivyo. Mfumo unazilinganisha orodha hizo, na matokeo yakitoka ndiyo hayo. Wapo wanaobaki bila nafasi na kuanza duru nyingine. Juu ya karo, mwanafunzi hulipa ada ya ko-opu yenyewe. Mshahara unaotajwa kule kwenye kundi ni wa kweli, lakini hutolewa na mwajiri aliyemchagua, na watu wanagombea nafasi hizo kwa maelfu.

Kwa mtoto anayetoka Bungoma mlango ni mwembamba zaidi. Mwaka 2024 serikali ya Canada ilimtaka mwombaji wa viza ya masomo aonyeshe dola 20,635 za Canada za kujikimu mwaka wa kwanza, kama shilingi milioni mbili za Kenya, mbali na karo, na karo ya mgeni ni mara kadhaa ya karo ya mwenyeji. Kaka yangu ni mkulima wa mahindi. Hizo si pesa za chumba cha Tuwani kwa msimu mmoja, kama binamu anavyohesabu.

Na wenyeji wa huku wanaianza habari hii ya kazi mapema mno. Jumatano ya kwanza ya Novemba kila mwaka, kwa utaratibu ulioanza mwaka 1994, watoto wa darasa la tisa huruhusiwa kukosa shule siku hiyo na kwenda kazini na mzazi. Mwaka jana ilikuwa zamu ya binti yangu. Walimu walituma fomu mapema, kampuni ikamwandalia kitambulisho cha mgeni, meneja wangu akampangia ratiba ya saa kwa saa. Kazi yangu ni kusimamia seva za kampuni, lakini seva zenyewe haziko kwenye jengo letu; tumezikodi kwenye vituo vya data mbali sana na tunaziendesha kwa skrini. Mtoto alikaa pembeni yangu tangu asubuhi. Kufikia saa nane mchana akaniuliza, "Mama, hizo kompyuta zenyewe ziko wapi?" Sikuwa na kitu cha kumshikisha.

Jioni ile alimpigia simu yule binti wa kaka yangu wa Kibabii, ambaye humwita dada, na swali la kwanza lilikuwa kama yeye ameshawahi kugusa seva. Dada yake akamwonyesha picha: kabati la chuma, nyaya za rangi, taa za kijani zikimetameta, na mkono wake mwenyewe ukiwa umeshika kebo. Binti yangu aliiomba picha hiyo, na sasa iko kwenye ukurasa wa kwanza wa simu yake. Tangu hapo wanaongea karibu kila Jumapili. Mmoja anajifunza Kibukusu cha salamu, mwingine anafundishwa jinsi ya kuandika barua ya kuomba kazi kwa mtindo wa huku. Nimewahi kumkuta binti yangu akirudia chumbani peke yake jinsi ya kumwamkia nyanya yake. Miaka yote niliyomlazimisha hakukubali. Ilihitaji mtu wa rika linalokaribiana naye, tena mwenye bisibisi mkononi.

Kaka yake binti yangu ana habari nyingine. Ontario humtaka kila mwanafunzi wa sekondari awe amefanya saa 40 za kujitolea kwa jamii ndipo apewe cheti chake. Sheria hiyo ilianza mwaka 1999. Mwanangu alizifanya kwenye ghala la chakula la wasiojiweza, akipanga makopo, na kila alipomaliza zamu alikimbilia sahihi ya msimamizi. Nilimwambia awe anaandika pia alichojifunza. Akasema fomu haiulizi hilo, inauliza saa tu. Nikampelekea kurasa mbili za logibuku ya yuleyule binamu yake wa Kibabii, zenye tarehe, kazi iliyofanywa, tatizo lililopatikana na namna lilivyotatuliwa. Alizisoma zote. Mwezi uliofuata alikuwa amewatengenezea wale wa ghala jedwali la kuhesabu makopo yanayoingia na kutoka, na wanalitumia mpaka leo. Mimi kama mama nilifurahi kupita kiasi, na sioni aibu kusema kwamba kijana wangu wa Canada amefunzwa kazi na mwanafunzi wa Kibabii.

Ndiyo maana maneno ya binamu yaliniuma. Yaligusa kidonda cha zamani. Nilipofika nchi hii, afisa wa kampuni moja alinitazama kwenye usaili akaniambia kwamba atachimenti yangu ya Kenya na kazi yangu ya miaka iliyofuata haviwezi kuhesabiwa, kwa kuwa sina uzoefu wa Canada. Kebo niliyoifunga Kitale ilifungwa kwa mpangilio uleule wa rangi unaotumika Toronto. Mwaka 2013 Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario ilitoa sera ikieleza kwamba kumlazimisha mtu awe na uzoefu wa Canada ni ubaguzi mpaka mwajiri athibitishe ulazima wake. Hata hivyo matangazo ya aina hiyo yaliendelea. Ni kuanzia 1 Januari 2026 ndipo sheria ya Ontario ilipowakataza waajiri wenye wafanyakazi 25 au zaidi kuandika sharti hilo kwenye matangazo ya kazi. Nchi ambayo imechukua muda wote huo kukubali kazi ya mikono yetu isiwe ndiyo kipimo chetu cha kupimia kazi ya watoto wetu. Wageni wakiidharau atachimenti, nitabishana nao. Ndugu zangu wakiidharau, nitabishana nao vilevile.

Upungufu kwenye atachimenti ya kwetu upo, nao ni wa pesa. Mwanafunzi wetu anafanya kazi miezi mitatu bila haki ya kulipwa chochote. Akipewa nauli ni hisani ya bosi. Mwenye shangazi anayetuma pesa ataishi Kitale. Asiye naye atatafuta ofisi iliyo karibu na kwao, hata kama haina kompyuta ya maana, ili mradi apate sahihi kwenye logibuku. Hapo ndipo chai inapogeuka kuwa kazi ya siku nzima.

Na si kwamba Kenya haikulifikiria jambo hili. Chini ya Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, Sura ya 237, waajiri hulipa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Kampuni ya watu 200 hutoa shilingi 120,000 kwa mwaka. Fedha hizo husaidia mafunzo, na mwajiri aliyewapeleka wafanyakazi wake kusoma hurudishiwa sehemu ya gharama. Ninaloliomba ni kwamba mwajiri anayempokea mwanafunzi, akamlipia nauli na chakula cha mchana na kumpa kazi iliyoandikwa tangu siku ya kwanza, naye arudishiwe kutoka mfuko huo. Mlango wa kudai hilo ni wabunge wetu, na kura zetu wanazijua.

Kwa binamu yangu na wote waliomuunga mkono: pesa ya chumba cha Tuwani nitaendelea kuituma mpaka Agosti, na mwakani nikijaliwa nitaituma kwa mtoto mwingine wa ukoo atakayehitaji. Nawe unayesoma, kama una sacco, hospitali, shule, duka la kompyuta au saiba yenye mashine zaidi ya moja, iwe Bungoma, Webuye, Kimilili au Kitale, mpokee mwanafunzi mmoja Mei ijayo. Mlipie nauli. Mpe tatizo la kweli alitatue, na utie sahihi kile alichokifanya.