Sufuria ya Jikoni na Kumbukumbu za Uzeeni

Mwaka 2009 na 2010, watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na zaidi katika vijiji vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Zaidi ya 6 katika kila 100 walikuwa na dimenshia, maradhi yanayopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri hadi mtu anashindwa kujihudumia. Wilayani humo humo, wazee wapatao 7 katika kila 10 walikutwa na presha.

Mambo hayo mawili yana undugu. Presha isiyodhibitiwa kwa miaka mingi huchakaza mishipa midogo inayopeleka damu kwenye ubongo.

Chakula kinaingiaje? Mwaka 2015, Martha Clare Morris na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rush, Chicago, walieleza kwamba wazee waliozingatia zaidi mlo wa mboga za majani, maharage, samaki, karanga na nafaka zisizokobolewa walipata ugonjwa wa Alzheimer, aina mojawapo ya dimenshia, kwa kiwango cha chini kwa 53%. Habari hiyo ilisambaa upesi. Hata hivyo, jaribio la miaka 3 kwa watu 604, lililochapishwa mwaka 2023, halikuona tofauti ya maana kati ya waliopewa mlo huo na waliopunguza tu kiasi cha chakula walichozoea. Anayeuza unga au chai ya "kurudisha kumbukumbu" hana ushahidi wa kusimamia.

Ufini ilipata matokeo ya kutia moyo zaidi: watu 1,260 walifuatiliwa kwa miaka 2, na waliochanganya mlo bora, mazoezi, kazi za akili na upimaji wa presha walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili. Mlo haukuachwa ufanye kazi peke yake.

Nyumbani, pa kuanzia ni chumvi, kwa kuwa hupandisha presha, hasa ile inayoongezwa mezani na iliyojificha kwenye viungo vya paketi. Mchicha nao usichemshwe mno kisha ukakamuliwa. Foleti, vitamini ya kundi B, nyingi humwagwa na yale maji.

Halafu kuna dagaa. Wana vitamini B12, ambayo ikipungua humfanya mtu asahau, achanganyikiwe na kuhisi ganzi miguuni, na familia ikadhani ni uzee tu. Tumbo la mzee huifyonza kwa shida, na wanaotumia metformin ya kisukari kwa miaka mingi wamo hatarini zaidi. Mzee mwenye dalili hizo apelekwe kupimwa damu mapema: upungufu huo hutibiwa kwa vidonge au sindano.