Ndani ya Ndago Mna Nini, na Wanakemia Hukijuaje

Mkulima wa wadi ya Siongiroi aliyepalilia mahindi hata msimu mmoja anaijua ndago. Ukiing'oa leo, baada ya siku chache imechipuka tena, kwa sababu vinundu vyake hubaki ardhini vikiwa vimeungana kama shanga kwenye uzi. Wataalamu wa kilimo huihesabu miongoni mwa magugu sugu zaidi duniani. Isitoshe, si nyasi: zungusha bua lake kati ya vidole na utahisi pembe tatu. Jina lake la kisayansi ni Cyperus rotundus.

Gugu hilohilo ni dawa. Nchini China na India vinundu vyake vimetumika kwa karne nyingi kutuliza maumivu ya tumbo na ya hedhi. Swali la mwanakemia ni jingine: kati ya kemikali nyingi zilizomo, ni ipi hasa inayofanya kazi?

Kazi huanza na jina. Mmea mzima, pamoja na ua na mizizi, hubanwa kwenye karatasi, hukaushwa na kulinganishwa na sampuli zilizohifadhiwa, kwa mfano katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi. Ndago ina ndugu wengi wanaofanana nayo. Hapo pakikosewa, yote yanayofuata ni bure.

Vinundu huoshwa, huanikwa kivulini na kusagwa. Unga huo hulowekwa kwa siku kadhaa katika kiyeyushi kama methanoli, kisha huchujwa. Kiyeyushi huvukizwa ndani ya mashine iliyopunguzwa hewa ili kisihitaji moto mkali. Kinachobaki ni kitu kizito kama asali, chenye harufu kali, na bado ni mchanganyiko.

Kuutenganisha ndiko kunakochosha. Mwanafunzi aliyedondosha wino kwenye karatasi iliyoloa ameona rangi zikiachana, moja ikikimbia na nyingine ikibaki nyuma. Maabara hufanya vivyo hivyo kwa bomba la kioo lililojazwa unga wa silika. Matone yanayotoka chini hukingwa katika chupa ndogo ndogo, na kila chupa hupimwa ikiwa ina kitu kimoja au viwili. Kilo nzima ya vinundu inaweza kuishia miligramu chache tu za kemikali iliyo safi.

Kisha kuna kuitambua. Mashine ya kwanza hupima uzito wa molekuli. Tuseme imeonyesha 218, yaani kaboni 15, hidrojeni 22 na oksijeni moja. Jibu hilo halitoshi, kwa kuwa ndago ina kemikali kadhaa zenye uzito huohuo: alfa-saiperoni, rotundoni, yenye harufu ya pilipili manga, na nutkatoni, yenye harufu ya balungi. Ni matofali yaleyale, ila nyumba ni tofauti. Kwa hiyo sampuli huwekwa ndani ya sumaku yenye nguvu nyingi na kupigwa mawimbi ya redio. Kila hidrojeni hujibu kulingana na majirani zake, na kwa majibu hayo mwanakemia huchora ramani ya molekuli.

Mwaka 1995, watafiti nchini Thailand walitangaza kwamba kemikali kutoka vinundu vya ndago ziliua vimelea vya malaria katika maabara. Iliyokuwa na nguvu zaidi ina oksijeni mbili zilizoshikana, kama ilivyo artemisinini, dawa iliyompa Tu Youyou wa China Tuzo ya Nobeli mwaka 2015. Habari hiyo ni nzuri, lakini kuua kimelea ndani ya chupa si kumponya mtu. Hadi leo hakuna kidonge cha malaria kilichoidhinishwa kinachotokana na ndago. Tena kemikali hizi ni za asili ya mafuta, na huyeyuka kwa shida sana majini. Kilichomo katika sufuria ya nyumbani sicho kilichomo katika chupa ya mtafiti, na hakuna anayejua kipimo chake kwa mtoto. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati au kwa mhudumu wa afya ya jamii apimwe malaria siku hiyohiyo.

Wazee na waganga wanaoijua mimea wana haki zao pia. Mtafiti anayekuja kuchukua mimea anatakiwa awe na leseni ya utafiti ya NACOSTI, na kibali cha NEMA cha kufikia rasilimali za kijenetiki, ambacho hakitolewi bila ridhaa ya wenyeji. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi imezipa kaunti jukumu la kuyasajili maarifa hayo. Anayeombwa kuonyesha dawa ya mababu aombe kwanza kuziona karatasi hizo mbili, na makubaliano ya kugawana faida yaandikwe kabla jembe halijagusa udongo.