Jiko lililo chini ya boneti

Mkate uliotiwa begini asubuhi, ukishapigwa nusu siku na baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, haufai kuliwa, unagugunwa. Waendesha pikipiki za theluji wa Rasi ya Keweenaw, kaskazini kabisa mwa jimbo la Michigan nchini Marekani, wanalijua hilo vizuri. Ndiyo maana saa sita ikifika wapo wasiohangaika na begi. Wanafungua boneti.

Humo, juu ya sailensa, kimefungwa kisanduku cha chuma chenye mfuniko na komeo. Ndani yake kuna chakula kilichoviringishwa kwenye foili, na kinatoa mvuke. Joto lililokipasha lilikwisha kulipiwa kituo cha mafuta.

Injini ya petroli ni mbadhirifu. Nguvu inayosukuma chombo mbele ni robo hivi ya ile iliyomo kwenye mafuta, au theluthi mambo yakienda vizuri; nyingine yote hupotea kama joto, sehemu kubwa ikitoka na moshi. Kwenye gari, moshi huo husafiri chini ya sakafu hadi nyuma. Pikipiki ya theluji haina nafasi hiyo, kwa kuwa nyuma kuna mkanda mpana unaozunguka kukanyaga theluji. Ekzosi hujikunja palepale mbele, ubavuni mwa injini, kisha sailensa hutemea moshi chini. Jiko, kwa hiyo, lilikuwepo tangu zamani. Lilikosa sufuria tu.

Msomaji atauliza kwa nini wasibebe jiko dogo la gesi. Wapo wanaobeba. Lakini gesi ya butani hugeuka mvuke kuanzia karibu nusu nyuzi chini ya sifuri. Baridi ikizidi hapo inabaki kimiminika ndani ya mtungi, na kiberiti hakikusaidii kitu. Mitungi iliyochanganywa na propani hustahimili zaidi. Hata hivyo lazima usimame, utafute kinga ya upepo, uvue glavu. Ukienda kilomita 60 kwa saa kwenye baridi ile ya nyuzi 20, ngozi iliyo wazi hupigwa kana kwamba ni nyuzi 36 chini ya sifuri. Vidole vilivyotoka humo havina hamu ya kuchezea koki ya gesi.

Na theluji ya huko si ya kubahatisha. Upepo mkavu wa kaskazini ukivuka Ziwa Superior hunyonya unyevu, ukifika rasini huumwaga. Msimu wa 1978-79 ilipimwa theluji ya inchi 390.4, yaani karibu mita 10, na kando ya barabara kuu kumesimamishwa kipimo kirefu cha kuwaonyesha wageni rekodi hiyo.

Mahali kama hapo chombo cha theluji si anasa. Fundi Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, Quebec, alifiwa na mwanawe mdogo mwaka 1934 kwa kuwa barabara ya kwenda hospitali ilizibwa na theluji. Mwaka 1937 alipata hataza ya mfumo wake wa mkanda, na mwaka 1959 kampuni yake ikatoa Ski-Doo, chombo chepesi kilichofungua njia ya matembezi haya ya msituni.

Chakula kinachopendeza zaidi kwenye sailensa, kwa maoni yangu, ni pasti. Wachimba shaba wa Cornwall, Uingereza, walioanza kuhamia rasi hiyo miaka ya 1840, ndio walioileta: unga uliokunjwa umbo la nusu mwezi, ukifunika nyama ya ng'ombe, viazi, vitunguu na tanipu. Mswahili angeiita sambusa iliyonenepa. Inasimuliwa kwamba mgodini waliiweka juu ya koleo na kuipasha kwa mshumaa. Mchuzi wake haumwagiki na haihitaji sahani.

Kuhusu kupasha, foili iwe tabaka mbili na mshono uangalie juu. Mafuta yakidondokea sailensa yanaweza kuwaka; yakirukia mkanda wa kuendeshea wa injini, si ule wa kukanyaga theluji, unateleza na safari inaishia hapo. Mfuko wa plastiki usikaribie. Kopo lisilotobolewa ni bomu, maana mvuke hauna pa kutokea. Pasti itoke kwenye friji, isitoke kwenye friza: kuyeyusha barafu pekee hula joto la kutosha kupasha maji hayohayo toka sifuri hadi nyuzi 80. Kisha kuna hali ya njia. Kwenye njia iliyosawazishwa injini inatembea taratibu na chakula kinapata moto polepole. Ukiparamia mlima wenye theluji laini, injini inakoroma na upande wa chini unaungua. Mpishi ni dereva.

Nyama mbichi sishauri. Chris Maynard na Bill Scheller walitoa mwaka 1989 kitabu kizima cha mapishi ya injini ya gari, Manifold Destiny, lakini gari kwenye lami lina mwendo unaotabirika. Msituni, bora kupasha kilichoiva.

Unabaki ubishi wa wenyeji: pasti iliwe na tomato sosi au na rojo la nyama? Mezani haujaamuliwa hadi leo. Porini rojo halibebeki, kwa hiyo tomato sosi inashinda, mradi pakiti yake isafiri ndani ya koti, karibu na kifua, isije ikaganda.