605,576: Nambari isiyokubali mtu aachwe nje

Leo tuichambue nambari moja tu: 605,576. Ndiyo idadi ya watu wa Kaunti ya Nyamira katika sensa ya Agosti 2019. Naandika nikiwa Ikonge, soko la kaunti hiyo, ninakofuata ndizi za kuuza Mombasa. Sisi wafanyabiashara tuna msemo: mali bila daftari hupotea bila habari. Na watu je?

Ukiivunja nambari hii hadi mwisho unapata 2 × 2 × 2 × 59 × 1,283. Inagawika kwa 8, lakini si kwa 3 wala kwa 9. Jumlisha tarakimu zake: 6+0+5+5+7+6 ni 29, 2+9 ni 11, 1+1 ni 2. Hiyo 2 ndiyo baki ukiigawa nambari nzima kwa 9. Sababu ni nyepesi: 10 ni 9 na 1, 100 ni 99 na 1, 1,000 ni 999 na 1. Ukiondoa tisa zote, kila tarakimu hubaki na thamani yake tu. Wanahisabati wa Kihindi na wa Kiarabu walikagua hesabu kwa njia hii zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Sasa tuikague sensa. Wanaume wa Nyamira walikuwa 290,907. Baki yake ni 0. Wanawake walikuwa 314,656. Baki ni 7. Ukijumlisha unapata 7, na sisi tunataka 2. Hesabu imekataa. Kuna watu wameachwa.

Watu hao ni 13, wenye jinsia mbili, yaani huntha. Baki ya 13 ni 4. 7 na 4 ni 11, ambayo ni 2. Hapo hesabu imekubali.

Sensa ya 2019 ndiyo ya kwanza Kenya kuwahesabu peke yao: 1,524 nchi nzima. Wengi wetu tungesema 13 kati ya laki sita si kitu. Hesabu haisemi hivyo. Bila wao, jumla ni uongo.

Njia hii ina udhaifu wake. Kosa la 9, 18 au 27 huipita bila kuonekana, na ukibadilishana nafasi za tarakimu, jumla yake haibadiliki. Lakini hata hilo lina faida: daftari likipishana na pesa kwa kiasi kinachogawika kwa 9, kwa mfano 900, tafuta kwanza palipoandikwa 4,500 badala ya 5,400.

Na sisi wa Pwani tujikague. Mombasa 2019: wanaume 610,257, wanawake 598,046, jumla 1,208,333. Chukua kalamu, toa tisa, uone kama inakubali. Haikubali, mpaka uwaweke wenzetu 30.