Jedwali Moja Kubwa Halitaziokoa Ripoti Zenu

Robo mwaka ikifungwa tu, swali ni lile lile: tununue programu gani ya dashibodi ili namba za mauzo na za uhasibu zilingane? Hakuna programu hiyo. Hameni kutoka Power BI kwenda Tableau, kisha mrudi, na bado kikaoni watakaa wakurugenzi wawili wenye jumla mbili za mwezi mmoja. Mauzo wanahesabu ankara inapotoka, pamoja na VAT. Uhasibu wanahesabu bila VAT, tena baada ya kuondoa bidhaa zilizorudishwa. Kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania Bara ni 18%; hiyo peke yake inatosha kuharibu kikao. Hakuna aliyekosea kujumlisha. Kinachokosekana ni mahali pamoja palipoandikwa “mauzo” ni nini, ambapo kila ripoti italazimika kupita. Hilo ndilo tabaka la maana: linakaa kati ya hifadhidata na ripoti, na kila kipimo ndani yake kina kanuni moja. Wala si jambo la juzi. BusinessObjects, kampuni iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1990, ilijengwa juu ya wazo hili.

Nikishaeleza hivyo, mafundi hunijibu kwamba wameelewa: wataunganisha kila kitu katika jedwali moja kubwa, na kila mtu achote humo. Sivyo kabisa, na hapa sina haraka, kwa sababu imani hii inaharibu maamuzi ya watu makini.

Chukua ankara moja ya duka la jumla Kariakoo. Unga 120,000, mafuta 100,000, sukari 80,000. Jumla shilingi 300,000. Duka limegharamia nauli ya kupeleka mzigo, 15,000, iliyoandikwa mara moja tu kwenye ankara. Mteja amelipa 200,000 kwa simu, na kesho yake 100,000 taslimu. Sasa unganisha majedwali ya ankara, bidhaa na malipo kwa namba ya ankara. Kila bidhaa inakutana na kila malipo, na ankara moja inazaa mistari sita. Jumlisha: mauzo 600,000, malipo 900,000, nauli 90,000. Kompyuta hailalamiki. Namba zinatoka safi, zina mikato yake ya maelfu, na zinaingia kwenye ripoti ya bodi.

Dawa ya mtaani ya ugonjwa huu ni amri ya DISTINCT: hifadhidata inaambiwa ihesabu kila thamani mara moja tu. Kwenye ankara ile nauli inarudi 15,000, na watu wanapumua. Kesho inaingia ankara ya mteja mwingine, nayo nauli yake ni 15,000. Inamezwa. Magari mawili yametoka, ripoti inaona nauli ya gari moja. Malipo kuzidi mauzo mara moja na nusu mtu angeyashtukia. Nauli iliyopungua kimyakimya hakuna anayeiona. Acheni dawa hii, tafadhali.

Bidhaa, ankara na malipo ni vitu vya ngazi tofauti. Kila kimoja kibaki na jedwali lake, kijumlishwe katika ngazi yake, kisha majibu ndiyo yakutane kupitia majedwali ya pamoja ya tarehe, mteja na tawi. Ralph Kimball aliyaandika haya katika The Data Warehouse Toolkit mwaka 1996. Kazi ya tabaka la maana ni kuushika utaratibu huo ili mwandaaji wa ripoti asiubuni upya kila Ijumaa jioni. Litajua pia visivyojumlishika: aliyenunua Januari na Februari ni mteja mmoja, si wawili. “Mteja hai” naye ni wa siku ngapi? GSMA hutoa takwimu za akaunti za pesa za simu zilizotumika ndani ya siku 30 na ndani ya siku 90, kila moja kwa jina lake.

Mfanye nini? Anzeni na vipimo kumi vinavyogombaniwa zaidi, si mia mbili. Kila kimoja kipate mwenye nacho kutoka idara husika, si kutoka TEHAMA. Fedha ikiwa finyu, andikeni kanuni kama mionekano ndani ya hifadhidata yenyewe. Mkiwa tayari na Power BI, jengeni modeli moja na ripoti zote ziunganishwe nayo. Wenye Looker wana LookML. Wanaotumia dbt waangalie MetricFlow. Kanuni zitunzwe kwenye Git ili ijulikane nani alibadilisha nini, lini. Wapenzi wa Excel waacheni na Excel yao, ila isome kutoka kwenye tabaka. Kisha chukueni mwezi mmoja ambao uhasibu wameshaufunga, na mlinganishe kila kipimo na leja hadi shilingi ya mwisho kabla ya kuchora grafu hata moja.