Pikapu ya kazi: Tela lipimwe kwanza, jina la gari baadaye

WAFANYABIASHARA wadogo wanaotafuta pikapu ya kubeba mzigo na kuvuta tela jepesi huingia yadi wakiwa wameshachagua jina. Wengi hutaja Hilux hata kabla ya kuulizwa. Muuzaji analijua hilo, na bei anayoitaja huwa imeshaihesabu sifa hiyo. Maswali mawili yanayoamua kama gari litarudisha mkopo au litalala gereji huachwa hadi fedha zimeshalipwa: ni uzito gani utakaofungwa nyuma ya gari hilo, na gari lilitumika wapi kabla ya kufika bandarini.

Chukua mfano wa muuza maji wa Kigamboni mwenye tangi la lita 1,000 juu ya tela. Maji peke yake yana kilo 1,000. Ukiongeza chuma cha tela, tangi na pampu, jumla inafika kilo 1,300 au 1,400. Katika vitabu vya watengenezaji huo ni mzigo mdogo. Hilux, Ranger na D-Max za miaka ya karibuni, hasa zile za dizeli zinazovuta kwa magurudumu yote manne, nyingi zimeidhinishwa kuvuta hadi kilo 3,500, na namba hiyo ndiyo inayotangazwa. Kuna namba ya pili isiyotangazwa, nayo ni kilo 750. Hicho ndicho kikomo cha kawaida cha tela lisilokuwa na breki zake lenyewe.

Matela mengi yanayochomelewa mitaani hayana breki. Kwa hiyo muuza maji huyo ameshapita kikomo karibu mara mbili kabla hajawasha injini, awe amenunua pikapu ya jina lolote. Barabara tambarare humficha. Anaposhika breki ghafla kwenye mteremko wenye mchanga, tela huendelea na safari yake na kuisukuma pikapu ubavuni. Maji nayo yana tabia yake: tangi lililojaa nusu huyumba zaidi ya lililojaa pomoni, maana maji hupata nafasi ya kukimbia mbele na nyuma. Tangi lenye vizuizi ndani hupunguza tatizo hilo. Breki za tela si jambo la anasa pia. Zipo zile zinazojikaza zenyewe pale tela linapoisukuma pikapu, hazihitaji waya wa umeme, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya gari lenyewe. Mwenye haja ya kuvuta zaidi ya kilo 750 aziweke katika hesabu ya ununuzi tangu mwanzo, hata kama itabidi achukue gari la mwaka mmoja nyuma ya lile alilolitamani.

Hesabu nyingine inayosahauliwa ni ya uzito unaokaa juu ya kiungo cha tela. Tela lililopakiwa vizuri huweka kiasi cha asilimia 10 ya uzito wake kwenye kiungo hicho, na kilo hizo hukatwa katika uwezo wa pikapu kubeba. Tela la kilo 1,400 linaweka kilo 140. Dabo kebini nyingi za daraja hili hubeba takriban tani moja, watu wakiwemo. Ikipakia watu watano wa kilo 70 kila mmoja, zimekwenda kilo 350 nyingine, na kinachobaki ni kilo 510, yaani mifuko kumi ya saruji. Anayepakia ishirini, kama inavyoonekana kila siku kwenye barabara za Dar es Salaam, amezidisha karibu nusu tani. Mafundi huongeza springi na gari likasimama sawa, lakini breki, ekseli na chesisi hubaki zile zile. Chesisi ya dabo kebini hupinda au kupasuka mahali panapojulikana: nyuma tu ya kebini, ambapo boksi fupi limetokeza nyuma ya ekseli na tela linakandamiza kwa chini. Kwa kazi hiyo singo kebini, ambayo boksi lake refu hukaa zaidi juu ya ekseli, ni gari bora. Soko halilipendi kwa sababu halifai kwa harusi.

Kuhusu asili ya gari, kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifahamu. Wanadhani pikapu ya Toyota iliyotumika inatoka Japani kama zinavyotoka gari ndogo. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na haikuirudisha hadi Septemba 2017, tena ikiwa dabo kebini ya dizeli ya lita 2.4 iliyoundwa Thailand. Isuzu nayo haiuzi D-Max nchini humo. Maana yake ni kwamba Hilux ya 2008 au ya 2013 iliyosimama yadi haikutoka kwa mzee wa Yokohama aliyekuwa akiendea sokoni mara moja kwa wiki. Imetoka Thailand, Uingereza, Australia au Afrika Kusini, nchi ambazo usukani uko kulia kama hapa, na ambazo pikapu hutumika kwa kazi halisi.

Kila asili ina ugonjwa wake. Gari la Thailand mara nyingi limebeba mzigo wa shamba na limepita katika maji ya mafuriko. Dalili hutafutwa kwenye soketi za waya chini ya dashibodi na kwenye reli za viti. La Uingereza kwa kawaida lina huduma iliyoandikwa vizuri, lakini limepita majira ya baridi ambayo barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo huingia ndani ya chesisi na kula kutokea ndani kwenda nje. Huko Uingereza wamiliki wa Nissan Navara za toleo la D40 walilalamika katika miaka ya 2010 kwamba chesisi zilikuwa zikikatika katikati kwa kutu. Asidhani mtu kwamba jina kubwa huzuia kutu. Marekani, mwaka 2016, Toyota ilikubali mapatano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4 kuhusu chesisi za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizokuwa zikioza, na Tacoma ni pikapu ya daraja hili hili.

Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini ya gari haisaidii kitu. Mnunuzi alale chini na nyundo ndogo, agonge chesisi kuanzia usawa wa kebini hadi mwisho, hasa juu ya ekseli ya nyuma na mahali springi zinapofungwa. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya bati lililojaa udongo. Muuzaji anayekataza nyundo ameshajibu.

Upande wa injini, sifa ya Hilux inastahili kugawanywa kwa miaka. Zile za zamani zenye dizeli ya lita 3.0 isiyo na turbo, maarufu kwa jina la 5L, ni nzito kupanda mlima na hazina haraka, lakini fundi yeyote wa wilayani huzifungua na kuzifunga. Toleo lililotoka 2004 na 2005 lilileta injini za KD za lita 2.5 na 3.0 zenye turbo na nozeli za kompyuta. Zina nguvu ya kuvuta, lakini nozeli zake hazivumilii dizeli yenye maji, na taimingi yake inaendeshwa kwa mkanda wa mpira wenye kilomita zake za kubadilishwa. Gari lenye kilomita 180,000 lisilo na karatasi ya kuonyesha mkanda ulibadilishwa lini lihesabiwe kuwa halijabadilishwa. Mkanda ukikatika barabarani valvu hukutana na pistoni, na hapo bei nafuu ya yadi inakuwa imekwisha.

Toleo la 2015 lenye injini za GD za lita 2.4 na 2.8 linatumia cheni badala ya mkanda, jambo jema. Lakini yale yaliyouzwa Australia yalikuja na kichujio cha moshi ambacho kilikuwa kikiziba. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya nchi hiyo iliamua dhidi ya Toyota katika kesi iliyohusu Hilux, Fortuner na Prado zaidi ya 260,000 zilizouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020. Kichujio hicho hujisafisha kwa joto la mwendo mrefu. Pikapu inayozunguka Kariakoo, Ilala na Tabata kwa mwendo wa foleni haipati joto hilo. Mnunuzi wa gari la miaka hiyo kutoka Australia aulize kichujio kiko katika hali gani na kompyuta ya gari isomwe mbele yake. Akikuta kimeng'olewa kimya kimya, aulize pia nani aliibadilishia kompyuta hiyo programu.

D-Max haina washabiki wengi Dar es Salaam kama ilivyo Nairobi, ambako huunganishwa na Isuzu East Africa, kampuni iliyojulikana kama General Motors East Africa hadi 2017. Injini yake ya lita 3.0, 4JJ1, ni ya cheni na haina makeke. Kwa mvutaji wa tela anayeweza kuishi na spea zinazopatikana kwa maduka machache zaidi, hilo ndilo gari ambalo soko la Tanzania hulipunguzia bei bila sababu ya kutosha. Kwa mnunuzi wa Kenya hesabu ni tofauti, maana sheria ya huko hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane.

Ford Ranger ya kuanzia 2011, hasa ya lita 3.2 yenye silinda tano, huvuta kuliko zote hizo kwa raha. Masharti yake ni ya huduma. Katika injini za 2.2 na 3.2 za toleo hilo, oili ikimwagwa na kuachwa ichuruzike kwa muda mrefu, pampu ya oili inaweza kupoteza mvuto, na injini ikiwashwa ikazunguka bila oili. Fundi aliyezoea kufungua nati ya oili kisha akaenda kunywa chai anaweza kuiua injini nzima kwa saa moja. Aliye na gereji anayoiamini achukue Ranger. Anayehama fundi kila mwezi aiache. L200 na Navara hukaa katikati, bei zake zikivutia zaidi ya Hilux kwa mwaka ule ule, nazo zisamehewe au zisisamehewe kwa kutazama chesisi.

Ipo pia Hilux ya petroli ya lita 2.7. Hunywa mafuta, hasa ikivuta, na kwa safari ndefu haifai. Kwa mtu anayevuta mara mbili kwa wiki tu, mwendo mfupi, haina turbo wala nozeli za dizeli za kumsumbua.

Tofauti ya bei kati ya majina haya ipimwe kwa siku za kulala gereji. Tuseme pikapu inaingiza sh. 90,000 kwa siku. Ikisubiri spea wiki tatu, siku 18 za kazi, zimepotea sh. 1,620,000 kabla ya fundi kulipwa, na benki haisubiri. Spea za Hilux zimejaa Gerezani, ambako pia zimejaa za bandia kuliko za gari lingine lolote, kwa sababu hiyo hiyo ya kupendwa. Kabla ya kulipia gari, mnunuzi aende dukani aulizie vitu vitano vya gari hilo hasa: seti ya klachi, nozeli, pampu ya maji, beringi za magurudumu ya nyuma na rejeta. Vikikosekana vitatu, bei ya yadi ishuke au atafute gari lingine.

Klachi ndiyo inayokufa kwanza kwa mvuta tela, na huuliwa zaidi na kurudi nyuma kupanda mwinuko kuliko na safari. Gari la otomatiki huepuka hilo, ila gia boksi yake hupata joto, na oili yake ibadilishwe mapema kuliko kitabu kinavyosema. Wenye boti wanaorudisha tela baharini Kunduchi wanajua taabu ya tatu: maji ya chumvi huingia kwenye beringi za tela na kwenye difu ya nyuma zikiwa bado moto. Tela lisimame dakika kadhaa lipoe kabla ya kuzamishwa.

Majaribio ya yadi, dakika kumi kuzunguka mtaa gari likiwa tupu, hayaonyeshi lolote kati ya haya. Mnunuzi makini huomba kulifunga tela lake mwenyewe na kwenda nalo mwendo wa nusu saa, apande mwinuko kwa gia ya tatu akitazama geji ya joto, kisha ashuke kwa gia ndogo bila kukanyaga breki mfululizo, kama atakavyolazimika kufanya akishuka Kitonga. Moshi mweusi kidogo anapokanyaga mafuta ni wa kawaida kwa dizeli ya zamani. Wa bluu ni oili inayoungua, na mweupe usioisha injini ikishapata joto unataka maelezo.

Gari likishanunuliwa, tela nalo lisajiliwe kwa namba yake, na mkataba wa bima usomwe kama unalitaja. Bima ya pikapu ambayo haikutaja tela inaweza kumwacha mwenye gari akilipa mwenyewe kile tela lilichogonga.